Mzigo wa Kanisa Linaloanza: Mafunzo ya Mkutano wa Yerusalemu na Mkutano wa Marangu

Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Usharika unapotimiza miaka mia moja, watu hupenda kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa zilizofungwa, wachungaji waliopita, mabati yaliyoezekwa na kengele zilizonunuliwa. Hesabu hiyo ni halali, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimeifanya kwa uangalifu. Lakini iko hesabu nyingine ambayo hufanywa mara chache. Usharika huu ulikuwa mtaa kabla haujawa usharika, na kabla haujawa mtaa ulikuwa watu wachache waliokaa chini ya mti siku ya Jumapili pamoja na mwalimu mmoja aliyekuja kwa miguu. Leo mtoto huyo amekuwa mama. Anayo mitaa yake, na mmoja wa mitaa hiyo haujatimiza hata mwaka.

Katika mwaka huu wa shukrani, Baraza la Wazee lina swali mezani ambalo halijapata jibu: je, mitaa mipya itozwe mgao wa ujenzi wa kanisa la usharika kama mitaa ya zamani, au iachiwe kwanza? Ndilo swali la mada hii. Ila njia ya kulifikia itapita mbali kidogo, kwa sababu Kanisa limekwisha kuulizwa swali la namna hiyo mara nyingi, na mara mbili hasa lilikaa mkutanoni ili lijibu. Mara ya kwanza ilikuwa Yerusalemu. Mara nyingine ilikuwa Marangu, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, mwaka 1955.

Kanisa lililoanza bila barua

Kwa kawaida mafundisho juu ya mkutano wa Yerusalemu huanzia sura ya 15 ya Matendo ya Mitume. Kuanzia hapo ni kuchelewa. Mkutano ule hauwezi kueleweka bila sura ya 11, mahali ambapo Luka anasimulia jinsi Kanisa la Antiokia lilivyozaliwa.

Antiokia haikuanzishwa na kamati. Stefano alipouawa, waumini walitawanyika kwa sababu ya dhiki, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wakafika mji ule mkubwa wa Shamu wakawahubiria Wayunani habari za Bwana Yesu. Luka hawataji majina. Mwandishi huyu ambaye ni makini sana kwa majina ya maliwali, ya miji na hata ya wenye nyumba walikofikia mitume, hapa anasema watu tu. Kanisa ambalo baadaye lilimtuma Paulo katika safari zake lilianzishwa na wakimbizi wasiojulikana kwa jina. Washarika wanaosoma historia ya usharika wao na kukuta kwamba mwalimu wa kwanza ametajwa kwa nusu mstari, au hakutajwa kabisa, wasishangae sana. Ingawa ni vema watafute jina lake wakati wazee wanaolikumbuka wangali hai.

Habari zilipofika Yerusalemu, Kanisa mama lilifanya jambo moja la hekima. Halikutuma mkaguzi. Lilimtuma Barnaba, naye alipofika akaiona neema ya Mungu, akafurahi. Furaha ndiyo iliyotangulia taarifa. Kisha Barnaba akaona kwamba kazi ni kubwa kuliko uwezo wake, akaenda Tarso kumtafuta Sauli, wakakaa pamoja mwaka mzima wakifundisha. Katika mwaka huo hakuna mahali panaposemwa kwamba Yerusalemu ilidai chochote kutoka Antiokia.

Na hapa liko jambo ambalo wengi hulipita haraka. Baada ya mafundisho hayo njaa ilitabiriwa, na Antiokia ikaamua yenyewe kuwapelekea msaada ndugu waliokaa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa. Mtoto alimlisha mama. Hakuandikiwa mgao wala hakutishiwa kunyimwa huduma. Aliyefundishwa mwaka mzima na watu waliofurahi kumwona, alitoa bila kuombwa.

Mjadala wa Yerusalemu

Miaka kadhaa baadaye walishuka watu kutoka Uyahudi wakawaambia Wakristo wa Antiokia kwamba wasipotahiriwa hawawezi kuokoka. Luka anasema yalitokea mashindano makubwa, wala hafichi. Ndipo Paulo, Barnaba na wengine wakatumwa Yerusalemu.

Utaratibu wa mkutano ule unastahili kutazamwa polepole. Wajumbe wa Antiokia walipokewa na Kanisa lote, wakaeleza kwanza yale Mungu aliyoyafanya. Hoja ya wapinzani ikasikilizwa, nayo ilitoka kwa watu walioamini, waliokuwa wa madhehebu ya Mafarisayo. Hawakuitwa wasaliti wala hawakutolewa nje. Hoja ikajadiliwa kwa muda mrefu. Petro akasimama, akakumbusha habari ya nyumba ya Kornelio, kisha akauliza swali zito kuliko yote: kwa nini kuwawekea wanafunzi shingoni nira ambayo wala baba zao Wayahudi wala wao wenyewe hawakuweza kuichukua? Baada ya maneno hayo mkutano mzima ukanyamaza, ukawasikiliza Barnaba na Paulo. Yakobo, aliyekuwa na heshima kubwa kuliko wote katika Yerusalemu, alisema mwisho.

Katika mikutano mingi ya siku hizi utaratibu huo umegeuzwa. Mwenye cheo hufungua kwa hotuba ndefu, wataalamu hufuata, makabrasha hugawiwa, na mwinjilisti wa mtaa, ambaye ndiye mkutano unamzungumzia, huitwa kuomba sala ya kufunga au kuongoza wimbo. Yako maazimio yaliyopitishwa juu ya mitaa ambayo hakuna aliyekaa meza kuu amewahi kulala huko hata usiku mmoja. Jambo hili linasemwa bila kumlenga mtu, kwani kila dayosisi na kila shirika la Kikristo linalo kosa hili kwa kipimo chake.

Swali la Petro lina uaminifu usio wa kawaida. Hakusema nira ni nzuri ila watu wa Mataifa ni dhaifu. Alisema nira hiyo ilitushinda sisi. Ni mara chache Kanisa mama hukiri kwamba kile linachomdai mtoto, lenyewe halikukiweza lilipokuwa na umri wake. Wazee wa usharika huu wakifungua vitabu vya zamani vya hesabu, watauona ukweli huo kwa macho yao: katika miaka ya mwanzo sadaka zilikuwa kidogo mno, na hakuna aliyefikiri kwamba kundi lile la chini ya mti lingejenga nyumba ya watu wengine.

Uamuzi wa Yerusalemu ulikuwa mfupi. Wasitwikwe mzigo zaidi ya mambo machache ya lazima: wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Barua ikaandikwa. Lakini barua haikutumwa peke yake. Waliteuliwa watu wawili, Yuda aitwaye Barsaba na Sila, waende nayo na kuieleza kwa midomo yao, nao wakakaa Antiokia kwa muda, wakawaonya ndugu kwa maneno mengi na kuwathibitisha. Waliposomewa barua, watu wa Antiokia walifurahi. Itafaa kujiuliza ni barua ngapi za kanisa, tangu siku ile hadi leo, zimesomwa mtaani zikaleta furaha.

Paulo mwenyewe, katika waraka kwa Wagalatia, anataja jambo moja aliloombwa na viongozi wa Yerusalemu alipokutana nao: awakumbuke maskini. Anasema hilo lenyewe alikuwa na bidii kulifanya. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Yerusalemu ilifundisha makanisa mapya yasitoe. Yalitoa, na Paulo alitumia miaka mingi ya kazi yake akikusanya mchango huo. Tofauti iko katika nini kilitangulia.

Marangu, Novemba 1955

Sasa ni vema kuja nyumbani. Kuanzia tarehe 12 hadi 22 Novemba 1955 Walutheri kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikutana Marangu katika Mkutano wa Kilutheri wa Afrika Yote, ulioitishwa na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Fungamano lenyewe lilikuwa changa, limeundwa mwaka 1947 mjini Lund, Uswidi. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ikitawaliwa na Uingereza. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Ghana ilikuwa haijapata uhuru. Katika Afrika ya Kusini sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa zikikazwa mwaka hadi mwaka.

Kijana wa leo hawezi kuona kwa urahisi ukubwa wa jambo lile. Kabla ya hapo Mkristo wa Kilutheri wa Kilimanjaro aliijua Leipzig kuliko alivyoijua Bukoba. Wa Usambara alijua Betheli. Wa Nyanda za Juu za Kusini alijua Berlin. Njia zote zilielekea Ulaya kama matawi yanavyoelekea shinani, na tawi halikulijua tawi. Kukaa benchi moja na Mmalagasi, Mhabeshi na Mzulu, kuimba sauti za nyimbo zile zile kwa lugha tofauti, ilikuwa ni kugundua kwamba Kanisa la Kilutheri Afrika halikuwa mkusanyiko wa misioni bali ndugu waliokuwa hawajaonana.

Na ndugu hawa hawakuwa watoto wachanga, ingawa walizoea kuitwa makanisa machanga. Misioni ya Leipzig ilifika Machame mwaka 1893. Wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Meru mwaka 1896. Katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Wajerumani waliondolewa, wale wa Leipzig wakimalizikia mwaka 1920, na Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939 wakaondolewa tena. Mara zote mbili sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, hata kama baadaye wamisionari wa Kimarekani na wa nchi za Skandinavia walikuja kusaidia. Katika miaka ile ya upweke kengele ziligongwa, watoto walifundishwa katekisimu, wafu walizikwa kwa ibada. Kwa lugha ya Geneva makanisa hayo yaliitwa misioni yatima. Yatima ni neno la huruma, lakini halikuwa sahihi kabisa. Mtu anayelima shamba lake, kulisha nyumba yake na kumzika jirani yake, si yatima tena. Amekuwa mzazi, hata kama hakuna aliyempa barua ya kumtambua.

Mambo mengi yalizungumzwa Marangu. Mawili yanatosha kwa mada hii.

La kwanza ni ungamo la imani. Huko Sumatra, Indonesia, Kanisa la Wabatak, ambalo nalo liliachwa na wamisionari wake Wajerumani mwaka 1940, lilikuwa limeandika ungamo lake lenyewe mwaka 1951, na mwaka uliofuata likapokewa katika Fungamano kwa msingi wa ungamo hilo. Marangu likaulizwa swali: je, na Waafrika waandike lao? Swali lilikuwa zuri na lilisisimua watu. Lakini ungamo la Kilutheri la Afrika nzima halikupatikana, wala mikutano iliyofuata, Antsirabe huko Madagaska mwaka 1960 na Addis Ababa mwaka 1965, haikulizaa.

Wapo wanaolihesabu jambo hilo kuwa kushindwa. Yaweza kuwa hivyo. Hata hivyo hukumu ya haki itakumbuka kwamba Wabatak walikuwa Kanisa moja lenye lugha moja na historia moja, na walipoandika walikuwa wakijibu maswali ya kijiji chao wenyewe. Afrika nzima haina kijiji kimoja. Ungamo huzaliwa pale watu wanapolazimika kusema wanaamini nini mbele ya jirani fulani, kwenye matanga fulani, penye tambiko fulani. Mkutano hauwezi kuliagiza. Yerusalemu nayo haikuandika ungamo. Iliandika barua fupi kwa watu wa Antiokia, Shamu na Kilikia juu ya swali walilouliza.

La pili ni redio. Wajumbe waliona kwamba Neno linaweza kufika mahali ambapo mhubiri hafiki, wakataka jambo hilo lishughulikiwe. Miaka ikapita katika mashauri, na mwezi Februari 1963 kituo cha Sauti ya Injili kikazinduliwa Addis Ababa, chenye mitambo yenye nguvu iliyosikika Afrika na Asia. Wazee wengi waliopo hapa wanakumbuka sauti ile ikitoka katika redio ya mkulima kwenye kibaraza jioni. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi, na karibu zote zilitoka ng'ambo.

Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile. Kwa siku moja milingoti, mitambo na majengo vikawa mali ya wengine. Lakini tangu mwanzo vipindi havikutengenezwa Addis Ababa peke yake. Vilitayarishwa katika studio za nchi mbalimbali, na za Kiswahili zilitayarishwa Moshi. Studio hiyo haikutwaliwa, wala watu waliojifunza humo kuandika, kusoma na kurekodi hawakutwaliwa, na hadi leo Radio Sauti ya Injili inasikika kutoka Moshi chini ya Dayosisi ya Kaskazini. Mlingoti mkubwa uliojengwa kwa fedha za wafadhili ulikwenda. Chumba kidogo chenye watu wa nyumbani kikabaki. Ni neno la kufikiriwa na kila mtu anayepanga kazi mpya ya Kanisa na ambaye mawazo yake yanaanzia kwenye jengo.

Matunda makubwa zaidi ya Marangu hayakuandikwa katika azimio lolote, nayo ni watu. Mwaka mmoja kabla ya mkutano, chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947 kilikuwa kimehamia Makumira. Miaka mitano baada ya mkutano, Stefano Moshi akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kanisa la Kaskazini. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliyokuwa katika shirikisho tangu mwaka 1938 yakaungana kuwa Kanisa moja, yeye akawa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 Josiah Kibira akawa askofu Bukoba baada ya Bengt Sundkler. Na mwezi Juni 1977, miezi mitatu tu baada ya kutwaliwa kwa redio, Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika, na Kibira akachaguliwa kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Kutoka Marangu hadi hapo ni miaka ishirini na miwili.

Haitakuwa kweli kusema kwamba Marangu ndiyo iliyoleta umoja wa mwaka 1963. Shirikisho lilikuwapo miaka 17 kabla ya Marangu, na uhuru wa nchi mwaka 1961 ulisukuma mambo kwa nguvu yake. Lakini kuna kitu ambacho watu hawawezi kukifanya mpaka wameonana, na Marangu iliwafanya waonane. Inafaa pia kukumbuka kwamba umoja ule ulichukua miaka 25 kutoka shirikisho hadi Kanisa moja. Wanaolalamika kwamba mtaa wa miezi minane haujajitegemea wangesoma tarehe hizo mara mbili.

Mitaa ya leo

Mtaa mpya huanzaje? Kila mzee anajua. Familia kumi au kumi na tano zimehamia mahali palipokuwa shamba au pori. Njia ya kwenda kanisani ni ndefu. Akina mama wenye watoto wachanga na wazee wenye miguu mibovu wameanza kubaki nyumbani. Mtu mmoja anatoa uwanja wake. Ibada ya kwanza hufanyika sebuleni, ya pili chini ya turubai la kuazima. Mwinjilisti anapangwa, naye mara nyingi anahudumia sehemu mbili na baiskeli moja. Sadaka ni sarafu, noti chache, mayai, kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Vitu hivyo hunadiwa nje baada ya ibada, na si ajabu anayenunua kuku akawa yule yule aliyemtoa, kwa kuwa wenye fedha ni wachache na aibu ya kuku kurudi bila mnunuzi ni kubwa.

Mwezi wa tatu inafika barua kutoka usharikani. Ndani yake kuna mgao wa ujenzi, mgao wa jimbo, mgao wa sherehe, na tarehe ya mwisho. Mwinjilisti anaisoma baada ya matangazo. Jumapili inayofuata watu wamepungua, na mmoja wa waliopungua ni yule aliyetoa uwanja. Hakukasirika, anaona haya tu. Na mtu anayeona haya kuja kanisani kwa sababu ya deni hupata haraka mahali pengine pa kusali, ambako mwanzoni hadaiwi.

Wazee wanaotetea mgao wana hoja, na hoja yao isikilizwe kama ya Mafarisayo walioamini ilivyosikilizwa. Wanasema mtaa usiofundishwa kutoa tangu mwanzo hautajifunza kamwe. Wanasema mshahara wa mwinjilisti unatoka katika mfuko wa usharika, na mfuko haujazwi na maombi peke yake. Wanasema mitaa ya zamani nayo ilitozwa ikavumilia. Hoja mbili za kwanza zina uzito. Ya tatu ndiyo ile nira ya Petro.

Lakini kufundisha kutoa si kitu kimoja na kutoza. Mtaa uliotoa kuku wake na kumnunua tena umekwisha kufundishwa kutoa. Unachohitaji ni kuona sadaka yake ikifanya kazi mbele ya macho yake, mabati yakipanda, benchi likipigwa randa, mgonjwa akitembelewa. Antiokia ilipewa mwaka mzima wa mafundisho na Barnaba na Sauli, na njaa ilipokuja mkono wake ulikuwa tayari. Ikiwa usharika huu utaiachia mitaa michanga sadaka yake kwa miaka miwili, pengo katika mfuko wa ujenzi litakuwapo, na halifai kufichwa. Kanisa jipya la usharika litachelewa kuezekwa. Huenda sherehe ya kuliweka wakfu isiangukie mwaka huu wa miaka mia moja, na jiwe la msingi litabaki na tarehe ambayo wengine watauliza habari zake. Hiyo ndiyo gharama, nayo ni afadhali ijulikane kabla ya kura kuliko baada yake.

Iko pia habari ambayo wapangaji wa mikutano wangependa Luka asiiandike. Mara baada ya mkutano wa Yerusalemu, barua ikiwa imesomwa na furaha ikiwa bado mbichi, Paulo na Barnaba waligombana. Barnaba alitaka Yohana Marko aende nao. Paulo alikumbuka kwamba kijana huyo aliwaacha njiani Pamfilia, akakataa. Ugomvi ulikuwa mkali hata wakatengana. Barnaba, yule yule aliyefurahi Antiokia, akamchukua aliyeshindwa mara ya kwanza, akampeleka Kipro. Wala Paulo hakushikilia neno lake milele. Akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Mitaa nayo ina akina Marko wake. Kuna wainjilisti walioacha kituo baada ya miezi sita, kwa njaa au kwa upweke, na majina yao yamewekewa alama katika majalada. Baadhi yao wamo katika umati wa leo.

Baraza la Wazee litakapokaa mwezi ujao, inapendekezwa kwamba wainjilisti wa mitaa mipya waitwe kikaoni, na wasemwe maneno yao kabla ya Mhasibu hajasoma taarifa yake. Uamuzi wowote utakaofikiwa, wa kuachia au wa kutoza, usipelekwe kwa karatasi kusomwa baada ya matangazo. Wachaguliwe wazee wawili, mwanamume na mwanamke, waende nao mtaani, walale huko, wasali na watu Jumapili mbili au tatu, waulizwe na wajibu. Na nauli yao ipangwe katika bajeti ya usharika, isichangwe na mtaa.